Je, Simu Yaondoa Fardhi?

Ndugu mmoja wa mji wa Kitui alituuliza katika darsa: Ikiwa leo mgonjwa aweza kusema na daktari kwa simu naye yuko kijijini kwake, je, ile fardhi ya kumpatia tabibu imekwisha kutuondokea?

Suali hili si dogo, na mwenye kuuliza ana sababu. Mtu wa Mutha au wa Tseikuru akiambiwa aende hospitali kuu ya Kitui hutoka kwao alfajiri, na huenda siku hiyo asirudi. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Lami ya kutoka Kibwezi kupita Mutomo hadi Kitui imepunguza taabu kwa walio karibu nayo; walakini wengi wako mbali nayo, katika nchi ya mito ya mchanga, ambayo mvua ikinyesha huko juu hujaa ghafula na kukata njia.

Utabibu, kama tujuavyo, ni fardhi kifaya: wakisimama nao baadhi ya watu, wengine wameokoka, wakiuacha wote, wote wana dhambi. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya mabishano na hali miji mingi haina tabibu Mwislamu. Sisi nasi tuna vyuo vingi, na Alhamdulillahi. Walakini ni wanafunzi wangapi tuliowatuma wakasome uuguzi?

Sasa, mpaka wa umbali ni upi? Katika vitabu vya Kishafii mna kipimo cha kazi mbili zilizo jirani na hii. Wamesema kuwa katika kila masafa ya kukusuru sala yapasa awepo mufti, na katika kila masafa ya adwa yapasa awepo kadhi. Na masafa ya adwa ni mwendo ambao mwenye kutoka asubuhi na mapema aweza kurudi kwake siku ile ile. Kwa nini kadhi akawekwa karibu zaidi? Kwa kuwa magomvi ni mengi wala hayangoji. Nami naona iko na sababu nyingine: mufti hujibu alichoulizwa, hata kwa barua, na fatwa yake hufuata maneno ya muulizaji. Kadhi hana budi kuwaona wagomvi na kuwasikiliza mashahidi.

Basi daktari wa simuni ni mufti. Hujibu alichoelezwa. Mwenye presha aliyekwisha kupimwa, akataka kujua kama azidishe dawa au aipunguze, jawabu ya namna hiyo yamtosha, na kumsafirisha kutwa nzima kwa maneno matatu ni kumdhulumu. Walakini maradhi mengi yataka kadhi. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani walikula mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu. Walioorodheshwa kuugua walikuwa 317, na 125 katika hao walikufa. Msiba ule ulijulikana kwa kuwa wagonjwa walionekana, macho yao yamekuwa manjano. Kwa simu mtu angelisema tumbo lamuuma, na matumbo yanayouma ni mengi. Ama aliyeumwa na nyoka, naye si nadra katika Kitui, dawa ya sumu haipiti katika waya wala katika hewa.

Je, tuiache simu? Hasha. Mna mlango katika fiqhi wa kadhi kumwandikia kadhi: aliye mbali husikiliza, huthibitisha, kisha huandika kwa mwenziwe, na maandiko yale hupokewa kwa kuwa nyuma yake wako waadilifu walioshuhudia. Simu ya tabibu yafaa kuwa hivi. Huku kijijini awepo muuguzi wa zahanati aliyeshika mshipa wa mgonjwa na kumtazama macho. Kule mjini awepo bingwa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitoa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa vifaa vya kupimia na simu. Hao, wakifunzwa na wakilipwa haki yao, ndio mashahidi wa mlango huu. Ama mwenye kusema, "Simu ipo, ya nini muuguzi?" huyo amewaondoa mashahidi akabakisha karatasi tupu.

Yuko mwingine asiyeogopa umbali, naye ni mwuza hirizi. Hufika penye kila mti, na siku hizi huagua hata kwa simu. Pasipo zahanati ndipo soko lake lilipo, na kumkemea mimbarini bila ya kusaidia zahanati hakumpunguzii wateja.

Wengine wameshika habari ya uchi, kuwa mwanamke hutazamwa katika simu. Wanavyuoni wameruhusu tabibu kutazama kwa haja na kwa kadiri ya haja, na mwanamke atangulizwe kwa mwanamke mwenziwe. Kwa simu huenda akapatikana daktari wa kike ambaye kijijini hayuko. Linalonitia hofu mimi ni siri: simu ya kuazima, dukani, watu wamesimama wanasikia.

Na iko habari ya nauli. Makueni mwaka 2016 ilianzisha mpango wa nyumba nzima kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ni jambo jema sana. Lakini kadi haimbebi mgonjwa. Misikiti yetu ina majeneza ya wakfu ya kuwachukulia maiti. Ni msikiti gani ulio na gari ya wakfu ya kumchukulia aliye hai?

Ndugu yetu akauliza tena: nauli hiyo itoke katika zaka? Nikamwambia, zaka ina watu wake waliotajwa katika Suratu Tawba, na mgonjwa Mwislamu aliye fakiri yumo. Sadaka haina mpaka huo. Jirani yake Mkristo, na ndio wengi huko Ukambani, apandishwe pikipiki vile vile, wala asiulizwe dini yake njiani.