Kiinimacho cha karata: mchezo au udanganyifu?

Mwanafunzi wangu anayejifundisha mwenyewe kiinimacho cha karata aliniuliza: je, huu si uongo?

Kitabu kilichotolewa Chicago mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase kinafundisha pamoja hila za kamari na michezo ya jukwaani. Mkono ni ule ule: karata zinachangwa, ya juu inabaki pale pale. Tofauti iko wapi, ndugu msomaji?

Mtazamaji wa mchezo anajua macho yake yanachezewa. Mcheza kamari hajui, na anaibiwa. Lakini anayeachwa aamini kuwa ameona sihiri au karama, naye ameibiwa imani yake.

Basi anayejifunza aanze na tamko hili: “Huu ni wepesi wa mikono tu.” Likimshinda, aziweke karata chini.