Nani Alipe Siku ya Kungoja?

Watu wa Kasulu na Kibondo ni watu wa milimani. Wamezoea baridi ya asubuhi, migomba na maharagwe, na wengi wao waweza kumaliza umri wao wasikanyage ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo habari za dhoruba za majini huwafikia kama zifikavyo nyumba nyingi za nchi hii zilizo mbali na maji: twasikitika, twasema pole, kisha twarudi kwenye kazi zetu. Leo twataka kuuliza kama masikitiko hayo yatosha.

Mabaharia wa visiwa vya Karibi wanayo kalenda yao. Majira ya vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na vilivyo vikali hutazamiwa Agosti na Septemba. Mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Beryl hakikungoja kalenda. Tarehe 1 Julai kilikipiga kisiwa cha Carriacou, katika nchi ya Grenada, kwa upepo wa kasi ya kilometa 240 hivi kwa saa; na punde baadaye kikafikia daraja la 5, lililo la juu kabisa, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa mapema hivyo katika mwaka kwa bahari ile. Wenye vyombo walikuwa wameonywa. Wengi walikimbilia ghuba yenye mikoko, wakafunga kamba juu ya kamba, maana mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Na hata hivyo mashua nyingi zilikutwa zimelaliana kama kuni. Huko Barbados kimbunga kilipita kusini tu, hakikukigusa kisiwa chenyewe, lakini mawimbi yake yaliharibu sehemu kubwa ya mashua za wavuvi zilizokuwa zimefungwa Bridgetown.

Tuzingatie hilo la Barbados. Wavuvi wale hawakuwa wakaidi. Walisikia onyo, wakatii, wakabaki nchi kavu. Na bado wakapoteza chombo cha riziki.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliivunja Zanzibar, ikazamisha merkebu bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na kimbunga kikafika Mafia tarehe 4 kikiwa kimepungukiwa nguvu. Kimbunga kikipungua hawakosi watu wa kucheka, wakisema kwamba wakubwa waliwatisha bure. Kicheko hicho ni cha hatari kuliko upepo wenyewe, kwa maana ndicho kitakachomsukuma nahodha siku ya pili.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Paulo, ambaye ni mfungwa, anaonya kwamba majira yamekwisha kuwa mabaya na safari italeta hasara. Akida wa Kirumi anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merkebu; na wengi walio chomboni wanaunga mkono, kwa kuwa bandari waliyomo haifai kukaa wakati wa baridi. Upepo mwanana wa kusini unavuma, wanajiona wamefaulu, wanang'oa nanga. Yaliyofuata twayajua. Lakini kuna jambo moja tusomalo kwa haraka mno. Paulo amekwisha kuhakikishiwa na malaika kwamba katika watu 276 hatapotea hata mmoja. Na bado, mabaharia wanapojaribu kutoroka kwa mashua, anasema kwamba wasipobaki hao, wengine hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuifanya kazi ya baharia kuwa ya bure. Ndivyo afundishavyo pia Mtakatifu Thoma wa Akwino: mtu awezaye kujiepusha na hatari kwa njia iliyo mkononi mwake, naye akaiacha na kumngoja Mungu amwokoe, huyo anamjaribu Mungu. Basi nahodha asemaye "Mungu yupo, twendeni", hali ameonywa na amepakia roho za watu, asisifiwe imani yake.

Wapo, lakini, ambao neno hili haliwahusu. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu wa Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Walivushwa kwa mashua ndogo hadi kwenye meli ya Liemba, wakaletwa Kigoma, na kutoka hapo wakapandishwa hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Aliyekimbia kifo hatumwulizi kama alitazama mawingu kwanza.

Maneno yetu ni juu ya safari ya kila siku. Na hapa ndipo watu wa milimani wanapoingia chomboni bila kujijua. Dagaa wauzwao sokoni Kasulu, migebuka ipandayo hadi Kibondo, dumu la mawese lililo jikoni: mengi ya hayo yamepita mikononi mwa mtu aliyekesha juu ya maji. Kusi ya kiangazi yaweza kuliinua ziwa lile, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, hata mgeni akadhani yuko baharini. Mvuvi anaijua. Lakini mwenye chombo ataka hesabu yake, na mwenye chombo naye amebanwa na mchuuzi, na mchuuzi amekwisha kuahidi mzigo kwa siku ya soko. Tunapomhubiria mvuvi busara, tukamwachia peke yake hasara ya busara hiyo, tumemtwika mzigo tusiougusa hata kwa kidole.

Kungoja kwa pamoja kwawezekana. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Palikuwa na manung'uniko, na kwa nyumba zenye kutegemea ziwa haikuwa kazi nyepesi; lakini miezi 3 ilipita. Tumeweza kungoja kwa ajili ya dagaa. Kwa ajili ya mvuvi twaombwa usiku mmoja au mbili.

Mchuuzi aweza kuanza kwa kutokata bei wala kudai fidia mzigo ukichelewa kwa sababu ya upepo. Mwenye chombo aweza kumpa mtu wake posho ya siku waliyolala ufukoni, hata ikiwa ndogo. Na vikundi vya akiba, vya jumuiya zetu na vya masoko, vyaweza kutenga fungu kwa siku hizo, kama vitengavyo fungu la mazishi. Atauliza mtu: na mvuvi mvivu akisingizia upepo? Atakuwapo. Hata fungu la mazishi lina wadanganyifu wake, wala hakuna kikundi kilicholifuta kwa ajili yao.