Kungoja Jibu la Kweli

Mtu aliyeambiwa ana saratani ya utumbo mpana huingia chumba cha upasuaji na swali moja kubwa: ikishakatwa, itarudi? Kidonda hupona, lakini swali hilo huendelea kuishi naye kwa miaka. Ndiyo maana anaposikia kwamba huenda hata dawa aliyovutishwa ili alale ina sehemu katika jibu, moyo wake hushtuka. Ana haki ya kushtuka, na ana haki ya kujibiwa kwa uangalifu.

Nusu kaputi ya leo huletwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mvuke, kama sevoflureni au isoflureni, unaovutwa mapafuni pamoja na oksijeni. Ukoo wake unaanzia kwenye etha ambayo William Morton aliitumia mbele ya madaktari wa Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Ya pili ni propofoli, dawa nyeupe inayopitishwa kwenye mshipa, ambayo ilienea hospitalini kuanzia miaka ya 1980. Kwa mgonjwa usingizi ni uleule. Kwa daktari wa usingizi, uchaguzi kati ya hizo mbili kwa muda mrefu ulitegemea mazoea, vifaa vilivyopo na hali ya anayelazwa.

Shaka ilizaliwa kutokana na yanayotokea mwilini saa zile za upasuaji. Uvimbe unaposhikwa na kukatwa, baadhi ya seli za saratani huweza kuponyoka na kuingia kwenye damu. Wakati huohuo mwili umetikiswa: kortisoli na adrenalini hupanda, na seli za kinga ambazo kazi yake ni kusaka na kuua seli zilizoharibika hupungukiwa nguvu. Katika maabara, watafiti waliona dalili kwamba dawa za mvuke huweza kuzisaidia seli za saratani kustahimili uhaba wa oksijeni, na kwamba propofoli huidhoofisha kinga kwa kiasi kidogo zaidi. Kisha zikaja kumbukumbu za wagonjwa wenyewe. Mwaka 2016 hospitali ya Royal Marsden ya London ilichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 7,000 waliofanyiwa upasuaji wa saratani, na waliolazwa kwa mvuke walikuwa wamefariki kwa kiwango kikubwa zaidi. Huko Denmark, ambako wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana huandikishwa katika rejista ya taifa, waliopewa mvuke walionekana kurudiwa na ugonjwa kwa kiwango cha juu kidogo.

Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya tiba methali hiyo haina budi kushikwa kwa tahadhari. Kumbukumbu za hospitali hutuambia nini kilitokea, lakini si kila mara hutuambia kwa nini. Nani alipewa mvuke, na nani propofoli? Huenda daktari aliyependelea propofoli alifanya kazi na wapasuaji tofauti. Huenda mgonjwa dhaifu zaidi alielekezwa upande mmoja kwa sababu ambayo haikuandikwa popote. Mtafiti anaweza kusawazisha yaliyoandikwa kwenye faili, ila hawezi kusawazisha yaliyobaki kichwani mwa daktari asubuhi ile.

Hapo ndipo kura inapohitajika: wagonjwa wanagawanywa bila mtu yeyote kuchagua, halafu wanafuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2019 Daniel Sessler na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wanawake zaidi ya 2,100 wenye saratani ya matiti, kutoka nchi kadhaa. Kundi moja lilitiwa ganzi ya neva pamoja na propofoli, jingine sevoflureni pamoja na dawa za maumivu za jamii ya mofini. Ugonjwa uliwarudia takriban asilimia 10 katika kila kundi. Baadaye utafiti ulioongozwa kutoka Uswidi, wa wanawake zaidi ya 1,700, ulipima sevoflureni na propofoli ana kwa ana, na baada ya miaka mitano haukupata tofauti katika idadi ya waliokuwa hai.

Hata hivyo, titi si utumbo. Upasuaji wa utumbo ni mzito zaidi na huutikisa mwili zaidi, kwa hiyo swali lilistahili kupimwa upya mahali pake. Utafiti wa VAPOR-C, ulioongozwa kutoka kituo cha saratani cha Peter MacCallum mjini Melbourne, ulipangwa kuwagawanya kwa kura wagonjwa zaidi ya 5,700 wa saratani ya utumbo mpana na ya mapafu.

Nawaheshimu sana watu wanaokubali kuingia katika kura hiyo. Wako katika wiki ya hofu kuu maishani mwao, na wanaombwa wakubali kwamba daktari wao hajui lipi ni bora. Wanakubali ili mtu mwingine, wasiyemfahamu, siku moja ajue. Naheshimu pia daktari anayetamka neno “sijui” mbele ya mgonjwa anayetamani uhakika. Si neno rahisi, lakini kumpa mtu uhakika ambao hatuna ni kumtwika deni atakalolilipa yeye mwenyewe ugonjwa ukirudi, atakapoanza kujilaumu kwa nini hakuuliza habari ya mvuke. Mgonjwa wa namna hiyo anastahili kuambiwa wazi kwamba hakuna kilichothibitishwa kinachosema usingizi wake ndio uliomrudishia saratani.

Kungoja nako si kukaa bure. Yapo mambo ambayo uzito wake unajulikana. Saratani iliyogunduliwa mapema hutibika kuliko iliyochelewa. Ustadi wa mpasuaji huamua mengi: mwaka 1982 Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alionyesha kwamba uvimbe wa puru ukitolewa pamoja na mafuta yote yanayouzunguka, bila kupasua utando wake, kurudi kwa ugonjwa mahali palepale hupungua sana. Tezi za limfu zichunguzwe zisizopungua 12, na aliyekutwa na saratani ndani ya tezi hizo afikiriwe kupewa tibakemikali. Mgonjwa anayeuliza maswali kabla ya upasuaji na aanze na haya.

Tusisahau pia walio wengi. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikii upasuaji na nusu kaputi vilivyo salama na vyenye gharama wanayoimudu. Palipo na mashine moja na dawa ya aina moja, hakuna uchaguzi wa kufanya. Kwa sababu hiyo, hata jibu la “hakuna tofauti” lina thamani kubwa. Likipatikana kwa njia ya haki, mtaalamu wa usingizi mwenye mvuke peke yake atajua kwamba hakumpunguzia mgonjwa wake kitu, na fedha chache zilizopo zitaelekezwa kwenye yale yanayookoa maisha. Na likipatikana jibu la kinyume, tutakuwa na sababu ya kweli ya kudai propofoli ifike kila hospitali. Kwa vyovyote vile, anayedai haki kwa niaba ya wagonjwa anahitaji ukweli uliopimwa mkononi mwake, na ukweli huo unastahili kungojwa.