Asiyesikia la Mkuu

Kila mwaka twasimama mbele ya wanafunzi wetu na kuwafundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twaifafanua methali hiyo, twaitolea mifano, kisha twawapa wanafunzi insha ya kuandika. Ni mara chache twajiuliza: je, yaweza kutokea kwamba anayelisikia la mkuu ndiye atakayevunjika guu, na mkuu mwenyewe pamoja naye? Katika makala haya twakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya kiumbe ambaye lugha yetu haikumtendea haki, yaani mbwa.

Twasema haikumtendea haki kwa kuwa kumwita mtu mbwa ni tusi, na katika nyumba nyingi za Waswahili mbwa hukaa nje kwa sababu ya twahara. Hatukusudii kubishana na dini ya mtu. Twakumbusha tu kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Kahf, yamtaja mbwa aliyekuwa mlangoni pa pango pamoja na vijana waliokimbilia humo. Naye huyu tunayetaka kumzungumzia ni mlinzi.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa tangu mwaka 1914 hadi 1918, viliwapofusha askari wengi wa Ulaya, wengine kwa vipande vya makombora, wengine kwa gesi ya sumu. Husimuliwa kwamba daktari mmoja Mjerumani, Gerhard Stalling, alikuwa akitembea na mgonjwa aliyepofuka katika uwanja wa hospitali. Akaitwa ghafla, akamwacha mbwa wake na mgonjwa huyo. Aliporudi akaona jinsi mbwa alivyokuwa akimtunza mtu yule, na wazo likamjia. Mwaka 1916 shule ya kuwafunza mbwa kuwaongoza askari vipofu ilifunguliwa mjini Oldenburg. Nyingine ilifuata huko Potsdam mwaka 1923. Marekani ilipata shule yake mwaka 1929, na Uingereza ikawapata mbwa wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1931.

Wengi hudhani kwamba mbwa ndiye aijuaye njia, na kipofu humfuata tu. Sivyo. Mwenye kuijua njia ni mtu. Yeye ndiye ajuaye kwamba posta iko katika mtaa wa tatu upande wa kushoto. Yeye ndiye asikilizaye mwendo wa magari na kuamua wakati wa kuvuka. Hutoa amri: mbele, kulia, kushoto. Mbwa huvishwa mkanda wenye mpini mgumu, na mtu huushika mpini huo, akahisi mkononi kila mwendo wa mnyama. Mbwa hukwepa vizuizi, husimama penye ngazi na penye ukingo wa barabara. Kwanza hufunzwa kutii. Kisha hufunzwa jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni kukataa. Mtu akisema "mbele" ilhali gari linakuja, au shimo limechimbwa njiani, mbwa hana budi kusimama asiondoke, hata kama amri itarudiwa.

Sasa tumfikirie yule askari. Hujafa hujaumbika: aliondoka kwao akiona, akarudi akishikwa mkono. Jeshini alifundishwa kwamba amri hutekelezwa, haiulizwi. Huenda macho yake yalipotea siku ile alipotekeleza amri ambayo aliyeitoa hakuona kilichokuwa mbele. Leo anapewa mbwa, nao hufundishwa pamoja kwa majuma kadhaa kabla ya kwenda nyumbani. Mbwa amekwisha kujifunza kazi yake. Mwenye kujifunza zaidi ni bwana, maana hana budi kujifunza kukataliwa. Anatoa amri, na mbwa hasogei. Yeye haoni kitu, hasikii kitu. Aweza kukasirika na kuuvuta mkanda. Aweza pia kusimama, akanyoosha mguu au fimbo, akapapasa polepole, mpaka akalikuta shimo. Akimwadhibu mbwa kwa kosa la kumwokoa, mnyama atajifunza upesi kwamba salama yake ni kutii tu, na siku nyingine wataingia shimoni wote wawili.

Pengine msomaji atasema kwamba mbwa hana dhamiri, na kwamba hukataa kwa kuwa alizoezwa kukataa. Twakubali. Lakini swali letu halimhusu mbwa peke yake. Lamhusu mtu aliyetaka mtumishi wake afunzwe hivyo, na kuiheshimu elimu hiyo hata inapompinga. Tena si kila kukataa ni kwema. Mbwa akisimama kwa sababu amenusa nyama, hukanywa. Akisimama kwa sababu ya gari, husifiwa. Kwa macho ni kitendo kimoja. Tofauti yake ni kwamba kule alijitazama mwenyewe, na huku alimtazama bwana wake. Hapo ndipo tunapoweza kuutenga ukaidi na uaminifu.

Nasi walimu tumekabidhiwa watoto wa watu, nao twawafunza utii kwanza, kama ipasavyo. Lakini siku mwanafunzi anapoinua mkono na kusema, "Mwalimu, hapo umekosea," sisi hufanya nini? Je, hugeuka tukakitazama tulichokiandika ubaoni, au huuvuta mkanda? Hatusemi kwamba methali ya wazee ifutwe. Twasema tu kwamba tunapoifundisha tuwaambie wanafunzi pia kwamba mkuu naye ana miguu, nayo yaweza kuvunjika akiwa hana mtu wa kumwambia simama.