Je, Mika Alisema Uongo?



Msiba ukimpata mtu, hawakosi wa kusema upesi, "Ni hukumu ya Mungu," nao huwataja manabii kuwa mashahidi wao. Mimi mwenyewe niliwahi kunena hivyo matangani, na sijausahau uso wa mama mfiwa. Basi nawaomba mfungue Yeremia, sura ya 26.

Mwanzo wa kutawala kwake Yehoyakimu, yapata mwaka 609 K.K., Yeremia alisimama uani mwa Hekalu akasema kwamba nyumba ile itaangamia kama Shilo. Makuhani wakamkamata, wakataka auawe. Ndipo wazee wa nchi wakainuka wakakumbusha habari za Mika, Mmorashti. Yapata miaka 100 nyuma, siku za Hezekia, Mika naye alitangaza kwamba Yerusalemu utabomolewa hata mahali pake palimwe. Lakini haukubomolewa! Kwa kipimo cha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, neno la nabii lisipotimia halikutoka kwa Bwana. Je, Mika alisema uongo? Wazee hawakusema hivyo. Walisema kwamba Hezekia alimcha Bwana, akamsihi, naye Bwana akaghairi. Kwao, neno la Mika lilikuwa limefanya kazi yake.

Mama humpigia kelele mtoto anayekaribia moto, wala si kwa kuwa anataka aungue. (Yona alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomkasirisha.) Tena angalieni Mika alisema na nani. Hakwenda kwa mfiwa kumweleza sababu ya kufiwa. Alisema na wakuu waliopokea rushwa na makuhani waliofundisha kwa ujira, wakati bado walikuwa na nafasi ya kugeuka.

Utaniuliza, basi hukumu ni vitisho vitupu? Sivyo. Yeremia aliokolewa kwa mkono wa Ahikamu, lakini Uria, aliyehubiri maneno kama yake, alifuatwa hata Misri, akarudishwa, na mfalme akamwua. Hawakugeuka, na mwaka 587 au 586 K.K. mji ukaanguka mbele ya Wababeli.

Yeremia hakushangilia kwamba neno lake limetimia. Alikuwamo mle mle mjini wakati wa njaa. Na mkuu wa askari alipomwambia kwamba akipenda aende Babeli, naye atamtunza, alikwenda kwa Gedalia, mwana wa yule Ahikamu, akakaa pamoja na maskini waliosalia katika nchi.