Je, Anayemtii Asiye wa Haki Hutenda Dhambi?

Sultani akifa katika nchi ya Luapula, huenda wapwa zake wawili wakagombea kiti. Kila mmoja hupiga ngoma na kusema, "Mimi ndimi mrithi." Mvuvi wa Kasenga hakuwapo wazee waliposhauriana. Akimpelekea samaki yule asiye wa haki, huku akimdhani kuwa wa haki, je, amekuwa mwasi?

Shida ya namna hiyo iliwapata Wakristu wa Ulaya zamani, tena juu ya Baba Mtakatifu mwenyewe.

Mwezi wa Aprili 1378 makardinali walimchagua Papa Urbano VI mjini Roma, huku watu wakipiga makelele nje wakitaka Mroma au Mwitalia. Urbano akawa mkali, akawakemea makardinali. Nao wakatoka Roma, wakasema kwamba walimchagua kwa hofu tu. Mwezi wa Septemba, mjini Fondi, wakamchagua mwingine, Klementi VII, aliyekwenda kukaa Avignon. Uingereza na sehemu kubwa ya Italia zikamfuata wa Roma. Ufaransa na Scotland zikamfuata wa Avignon. Mwaka 1409 makardinali wa pande zote mbili walikutana Pisa ili waondoe fitina, wakachagua mwingine tena. Lakini wale wawili hawakukubali kutoka, basi wakawa watatu.

Eklezya huwahesabu wale wa Roma kuwa Mapapa wa haki. Basi, mkulima wa Ufaransa, aliyefuata alivyofundishwa na padre wake, alipotea?

Hapana. Dhambi ya mauti hutaka mambo matatu: jambo zito, kujua vema, na kukubali kwa moyo. Mtu akikosa bila kujua, wala hakuwa na njia ya kujua, Mungu hamhesabii hatia. Hatia ni ya wakubwa waliolipasua kundi.

Watakatifu wawili, wote wa shirika la Mtakatifu Dominiko, wanashuhudia. Katerina wa Siena alimtetea Urbano mpaka alipokufa Roma mwaka 1380. Vinsenti Ferrer wa Hispania alisimama upande wa Avignon miaka mingi. Hata hivyo Eklezya imewatangaza wote wawili kuwa watakatifu: Vinsenti mwaka 1455, Katerina mwaka 1461.

Lakini neno hili lisiwe mkeka wa wavivu. "Sikujua" ya mtu asiyetaka kujua si udhuru. Vinsenti alikuwa rafiki wa Benedikto XIII, mrithi wa Klementi, tena aliwahi kuwa padre wake wa maungamo. Alipoona kwamba Benedikto anakataa kujiuzulu kwa ajili ya umoja, alimwacha mbele ya watu wote mwaka 1416. Moyo mnyofu hutii, huuliza, na ukiiona kweli hugeuka, hata kwa machozi.

Gregori XII wa Roma alijiuzulu mwenyewe mwaka 1415. Wale wengine wawili waliondolewa na Mtaguso wa Konstanz, na tarehe 11 Novemba 1417 akachaguliwa Martino V, Papa mmoja kwa wote.

Basi mkatekumeni mwenye mjomba asaliye mahali pengine asiseme, "Huyu amepotea." Mungu peke yake ajua mjomba huyo ameonyeshwa nini. Afadhali amwombee, kisha ajiulize mwenyewe, "Mimi niliyekwisha kuonyeshwa njia, je, ninaifuata?"