Qigong na Rozari Yangu

Tangu nitoke kuugua, hata kupiga magoti wakati wa mageuzo siwezi. Rafiki akanionyesha qigong, mazoezi ya Wachina: unainua mikono polepole huku unavuta pumzi. Ukichoka, unafanya umekaa. Nikaanza na dakika tano kila asubuhi.

Dhamiri ikanisumbua: je, ni dhambi? Maana qi kwao si pumzi tu, ni nguvu wanayoamini inazunguka mwilini na ulimwenguni. Nikasoma barua ya Vatikano ya 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo, iliyosainiwa na Kardinali Ratzinger. Haikatai mbinu kwa sababu tu imetoka dini nyingine. Ila inaonya: utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Hapo ndipo iliponibana. Kuna asubuhi nilimaliza mazoezi, nikajisikia mwepesi, nikasema basi, nimeshasali. Rozari ikabaki mfukoni. Siku tatu mfululizo! Mikono haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemwacha Mungu nikaridhika na kujisikia vizuri.

Bado nafanya. Lakini sasa nasali kwanza, nimekaa, hata nikiwa hoi na sijisikii chochote.